Nauli Haiahirishwi



Liko neno lililozoeleka mno vinywani mwa wakubwa wa soka la nchi yetu, nalo ni neno "kuahirishwa". Hutamkwa kwa upole, huandikwa katika barua yenye nembo na muhuri, kisha walioliandika hurejea majumbani mwao, kwa kuwa majumbani mwao si mbali. Juma hili tunakusudia kumtetea mtu ambaye kwake ni mbali: yule aliyetoka Mbeya, Songea, Mwanza au Kigoma, akaingia Dar es Salaam pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa sababu moja tu, yaani kuutazama mchezo wa Simba na Yanga kwa macho yake mwenyewe. Tunasema wazi tangu mwanzo kwamba mtu huyo ametendewa isivyo haki, tena si mara moja, na kwamba haifai kulinyamazia jambo hili eti kwa kuwa ni la mpira.

Tuyakumbuke mambo kama yalivyotokea. Jumamosi ya tarehe 8 Mei 2021 saa ya mchezo wa watani hao ilisogezwa siku ileile ya mchezo, kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga walilikataa badiliko hilo, wakafika uwanjani kwa saa ya awali, kisha wakaondoka. Mchezo haukuchezwa mpaka tarehe 3 Julai, siku 56 baadaye. Ungedhani somo limeeleweka. Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025 Simba walitangaza kwamba hawatashiriki, wakilalamika kuwa jioni ya siku iliyotangulia walizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nayo Bodi ya Ligi ikauahirisha mchezo siku ileile uliyopangwa kuchezwa. Ulikuja kuchezwa Jumatano ya tarehe 25 Juni, siku 109 baadaye, Yanga wakashinda 2-0.

Hatukusudii kuamua nani kati yao alikuwa na haki. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Wamebishana tangu enzi za babu zetu, na wajukuu wetu watawakuta wakibishana. Utani huo ni sehemu ya furaha ya nchi hii, na parokiani kwetu wamo ndugu wa pande zote mbili wanaopeana mkono wa amani huku wakichekeana kuhusu matokeo ya jana. Tunachokipinga ni kitu kingine: kwamba gharama ya mzozo wa klabu mbili na msimamizi wao ilibebwa na mtu ambaye hakuwamo katika mzozo huo. Wahenga walishasema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Lakini wahenga hawakuwa na maana kwamba basi nyasi zistahili kuumia.

Tumwangalie msafiri huyo hatua kwa hatua. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Ameuza magunia mawili ya mahindi, au ameweka akiba kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, au amechanga na wenzake wakakodi basi dogo. Ameomba ruhusa kazini. Ameteremka Kitonga, amevuka Mikumi, ameshuka Mbezi Luis akiwa na begi moja na namba ya simu ya binamu asiyepokea. Hajui kwamba Mbezi na uwanja ni mbali, kwamba lazima afike Ubungo, kisha apite Buguruni na Tazara kabla ya kufika Temeke; anauliza kila kituo, na kila anayemjibu anamwona mgeni. Ndipo, akiwa amekwisha kuvaa jezi yake, anasikia kwenye redio ya daladala kwamba hakuna mchezo. Fedha ya gesti hakuipanga, kwa sababu alitazamia kuondoka usiku uleule baada ya mpira. Atalala wapi? Barua ya kuahirisha mchezo haisemi.

Wako wanaotujibu kwa kusema: ni ujinga wake, fedha hiyo angelipia ada ya shule. Jibu hilo tumelisikia hata kutoka kwa watu wema, na kwa sababu ni watu wema tunawajibu kwa heshima. Kwanza, aliyemwacha mtoto nyumbani bila ada wala chakula ili aende mpirani amekosea, na hatumtetei. Lakini ninyi mmejuaje kwamba kila msafiri ni huyo? Wengi wao ni vijana wanaojitegemea, na wazee waliokwisha kusomesha, ambao wametoa jasho mwaka mzima na kuchagua furaha moja halali. Pili, tunasafiri kilomita hizo hizo kwenda harusini, hatuambiwi wajinga. Tunakodi mabasi kwenda hija Pugu na Bagamoyo, tunasifiwa. Hatusemi kwamba mpira ni hija. Twasema tu kwamba maskini naye ana haki ya siku moja ya kupumzika na kushangilia, wala furaha yake haihitaji kibali cha mwenye gari. Tatu, na hili ndilo kubwa, hata kama mtu ametumia fedha yake kwa jambo tusilolipenda, hilo halimpi mwingine ruhusa ya kumdhulumu. Mwizi hasamehewi kwa kuwa aliyeibiwa alikuwa akielekea kilabuni.

Wengine hujibu: tiketi yake itabaki halali, ataitumia siku nyingine. Na tukubali kwamba iwe hivyo. Je, nauli nayo itabaki halali? Siku mbili alizopewa na mwajiri zitabaki halali? Mchezo uliopangwa Jumamosi ukachezwa Jumatano; mwalimu wa shule ya msingi Sumbawanga ataiacha darasa Jumatatu ili awahi Jumatano? Kumwambia mtu wa Temeke kwamba tiketi yake ni ileile ni kumrudishia alichopoteza. Kumwambia hivyo mtu wa Sumbawanga ni kumrudishia sehemu ndogo kabisa ya alichopoteza, kisha kumtaka ashukuru. Tiketi huahirishwa, nauli haiahirishwi.

Wa tatu hutukumbusha usalama, na hao tunawasikiliza kwa makini zaidi, kwa kuwa hoja yao ni nzito. Tarehe 28 Mei 2023, Jumapili ya Pentekoste, kabla ya mchezo wa fainali kati ya Yanga na USM Alger, watu walikanyagana katika uwanja huohuo wa Mkapa. Mmoja alipoteza maisha na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo, tarehe 24 Januari 2022, watu wanane walikufa katika msongamano nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, wakati wa mashindano ya AFCON, na Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alieleza kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Ikiwa mchezo wowote utaahirishwa ili mtu mmoja asife, sisi tutakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini mzozo wa mwaka 2021 ulianza na saa, na mzozo wa mwaka 2025 ulianza na mazoezi. Hayo ni mambo ya mezani, yenye kanuni na wasimamizi wake, ambayo watu wazima wakiketi yangemalizwa kabla basi la kwanza halijawasha injini.

Tena wenye hoja ya usalama hawana budi kuifuata mpaka mwisho wake. Nani aliye hatarini zaidi getini kuliko mgeni? Mwenyeji anajua lango gani lina foleni fupi, na akiona hali si nzuri hurudi nyumbani akaangalie kwenye runinga. Mgeni hana pa kurudi. Amefika asubuhi kwa kuwa hana pa kukaa. Amesimama juani kwa saa nyingi. Hajui mlango wa mzunguko ni upi. Na wale walio nyuma wakianza kusukuma, hataondoka, kwa kuwa amesafiri kilomita 800 ili aingie. Mtu aliyelipa gharama kubwa hivyo husukuma au husukumwa. Uwanja wenye viti 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, si uwanja mdogo. Unachohitaji ni malango yanayofunguliwa mapema, maelekezo yanayosomeka, na tiketi zisizozidi viti.

Wapendwa, liko jambo jingine linalopotea, nalo halihesabiki kwa shilingi. Safari ya kwenda mji mgeni ni shule. Kijana wa bara anayefika Dar es Salaam kwa ajili ya mpira huiona bahari kwa mara ya kwanza. Hupanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi bila shughuli yoyote, kwa furaha tu. Husimama mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari, ambalo alikuwa akilisikia tu. Hutembea Kariakoo, akapita Msimbazi na Jangwani, akagundua kwamba klabu anazozipigia kelele kijijini zina mitaa, zina wazee, zina historia. Hurudi kwao akiwa Mtanzania zaidi kidogo kuliko alivyoondoka. Na mji nao hufaidika: mama lishe, dereva wa bajaji, mwenye gesti, muuza maji ya chupa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni aliyedhulumiwa hujifunza somo lingine kabisa, kwamba mjini neno la mkubwa halina uzito na muda wa mdogo hauna thamani. Somo hilo naye atakwenda kuwafundisha wadogo zake, na hapo hasara si ya mpira tena.

Kwa hiyo twadai mambo manne, na twawaomba walei wenye sauti katika vyama vya soka wayapeleke mahali panapohusika. La kwanza, saa na tarehe ya mchezo zikitangazwa, zisiguswe siku ya mchezo ila kwa sababu ya uhai wa watu. La pili, mzozo wowote wa klabu uwe na ukomo: usipoletwa na kuamuliwa angalau siku mbili kabla, mchezo uchezwe na malalamiko yasikilizwe baadaye. La tatu, mchezo ukivunjika kwa kosa la klabu au la msimamizi, mwenye tiketi arudishiwe fedha yake pasipo kuomba, kwa simu ileile aliyolipia. Na faini inayotozwa itumike kwanza kumfidia aliyesafiri, kabla ya kuingia katika mfuko wa mwingine yeyote. Nchi yetu inayo Tume ya Ushindani, iliyokabidhiwa na sheria kazi ya kumlinda mlaji. Nasi twauliza, anayenunua tiketi ya mpira si mlaji? La nne, malango na maelekezo yapangwe kwa kumfikiria mtu asiyeujua uwanja.

Nanyi mnaosafiri, tunawaambia kwa upendo uleule. Msipande gari lililojaa kupita kiasi, wala msimshangilie dereva anayekimbia ili muwahi. Wekeni kando fedha ya kulala na ya kurudi kabla ya kununua jezi. Nauli msiiweke katika kamari ya mchezo mnaokwenda kuutazama. Nendeni wawili wawili au zaidi, na mwacheni nyumbani mtu anayejua mlipo. Msafiri mwenye akili hujipunguzia madhara, ingawa akili yake haimfutii dhamana yule anayemdhuru.

Tunaambiwa kwamba msafiri kafiri, yaani akubali lolote njiani. Methali hiyo ilikuwa faraja kwa wasafiri walioshindwa na mvua na mito. Haikutungwa ili wenye ofisi waitumie kama kanuni. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja kuandaa fainali za AFCON za mwaka 2027, na wageni wa fainali hizo hawatatoka Mbeya tu. Watatoka Dakar, Cairo na Lagos. Tutawapa viwanja, barabara na treni ya umeme. Tukitaka waamini neno letu kuhusu saa ya mchezo, hatuna budi kujifunza kulitunza neno hilo kwanza kwa yule wa Sumbawanga, ambaye ni wetu.

Tunawatakia nyote juma jema, na safari njema kwa wanaosafiri.