Jemani au Rijibeki? Usichague mbwa kwa sura!

Leo naomba tuzungumzie mbwa. Siyo hawa koko wanaojitafutia jalalani, la hasha! Nazungumzia yale majitu ambayo yakisimama kwa miguu ya nyuma yanakushika mabega.

Habari yenyewe inaanzia kwa kaka yangu, kule Kimara. Nyumba ile hakuna anayekaa kitako. Kaka anaamka saa 11 alfajiri kukimbia, shemeji ni mtu wa netiboli, na wale watoto watatu ndiyo usiseme, mpira kutwa. Majuzi wezi wakapita usiku wakaanua nguo zote kambani. Familia ikakata shauri kutafuta mbwa. Balaa likaanzia hapo! Kaka anataka Jemani Shepadi, shemeji anataka Rijibeki. Wiki nzima wamenuniana, mpaka wakaniita mimi nikaamue. Eti kwa vile naandika magazetini, najua kila kitu.

Tuanze na Jemani, yule ambaye wengi tunamwita mbwa wa polisi. Aina hii ilianzishwa Ujerumani mwaka 1899 na mwanajeshi mmoja, Max von Stephanitz, aliyetaka mbwa hodari wa kuchunga kondoo. Dume lina kilo 30 hadi 40. Sifa yake kubwa ni akili: ukimfundisha jambo anashika upesi, na anapenda kupewa kazi. Lakini ana manyoya ya tabaka mbili, kwa hiyo joto la Dar linamsumbua na manyoya yake utayaokota mpaka kwenye sufuria. Anabweka sana asipofundishwa, na wengine wanazaliwa na ubovu wa nyonga. Ndiyo maana kabla ya kununua, waone wazazi wake wanavyotembea.

Rijibeki yeye ni Mwafrika mwenzetu. Asili yake ni mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika waliochanganywa na mbwa wa walowezi wa Kizungu. Sifa rasmi za aina hii ziliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922. Utamjua kwa ule mstari wa nywele mgongoni unaoota kinyumenyume. Kazi yake ilikuwa kumsumbua simba asitoroke mpaka mwindaji afike. Hebu fikiria, simba! Ana manyoya mafupi, jua halimtishi sana, habweki ovyo. Tatizo lake ni ubishi. Ukimwita anakutazama kwanza, kama anapima kama una maana. Na akiona mbuzi au kuku anakimbia, damu ya uwindaji inamchemka. Wengine huzaliwa na kitundu kwenye ngozi ya mgongo kinachokuja kuoza, kwa hiyo mtoto wa Rijibeki lazima daktari wa mifugo ampapase kwanza.

Sasa hapo shemeji akaniuliza, "Shem, usituzungushe. Yupi?"

Nikanyamaza kidogo. Maana kuna jambo sikuwahi kuwaambia.

Nilipokuwa kidato cha pili niliishi kwa baba mdogo, Morogoro. Alikuwa na Jemani mmoja, tunamwita Simba. Kazi yangu ilikuwa kumtoa kila jioni akimbie. Wiki za mwanzo nilimtoa. Baadaye mpira ukaninogea, nikawa namwacha kwenye mnyororo, nikiulizwa nasema nimeshamtoa. Mbwa akaanza kuzunguka palepale, anabweka mpaka kivuli chake. Siku moja mnyororo ukakatika, mtoto wa jirani akang'atwa mkono. Mtoto alipona, lakini alichomwa sindano za kichaa cha mbwa na kovu analo. Simba akaondolewa. Kila mtu alisema mbwa yule alikuwa mkali. Mimi nilijua ukweli, nikauchuna.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla ya kuuliza mbwa gani, uliza nani atamtoa Jumanne mvua inanyesha. Wote wawili wanahitaji saa moja au zaidi ya kukimbia na kucheza kila siku, asubuhi na mapema au jioni jua likipoa. Akiwa mdogo usimkimbize mbali, subiri afikishe kama mwaka mmoja na nusu mifupa ikomae. Usimkimbize akiwa ametoka kula, maana mbwa wenye kifua kikubwa tumbo huweza kujaa hewa na kujipinda, akafa upesi. Mgawie chakula mara mbili, na ugali mtupu hautoshi, tia nyama au dagaa. Chanjo ya kichaa ni lazima. Na mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitali hiyo hiyo siku.

Hukumu yangu? Kama una ukuta mrefu, unakimbia kweli na una subira ya kubishana, chukua Rijibeki. Kama uzio ni wa kawaida, wageni ni wengi na una muda wa kufundisha kila siku, chukua Jemani. Kaka uzio wake ni michongoma, na jirani anafuga mbuzi. Nikasema Jemani. Kaka akataka kushangilia, nikamkata: banda lenye kivuli, mnyororo marufuku, na ratiba ya kumtoa ibandikwe ukutani. Mbwa huyu anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo anaweza kufika sekondari bado yupo naye.

Shemeji akaleta karatasi. Siku tano zikagawanywa. Zikabaki Jumamosi na Jumapili, kila mtu anatazama dari.

"Niandikeni mimi," nikasema.

Wakacheka, wakadhani natania. Safari hii, msomaji wangu, sitanii. Tukijaaliwa, tuonane wiki ijayo!