Chanjo Hai na Ng'ombe Mwenye Mimba

Virusi vya herpesi ya ng'ombe aina ya 1 huleta ugonjwa wa pua na koo la hewa, na pia huweza kumfanya ng'ombe atupe mimba. Nchini Marekani chanjo hai dhidi yake ilianza kutumika katika miaka ya 1950. Virusi vya chanjo hiyo vimedhoofishwa tu, havikuuawa; huzaana mwilini, navyo huweza kupita katika kondo la nyuma na kumwua ndama tumboni. Aliye hatarini zaidi ni ng'ombe asiye na kinga ya awali. Ndiyo maana nchini humo baadhi ya chanjo hizo huruhusiwa kwa wenye mimba iwapo tu walichanjwa kwa chanjo ile ile katika miezi 12 iliyotangulia.

Sharti hilo ni jema, lakini halina maana pale ambapo mfugaji haweki kumbukumbu. Yafaa mitamba wachanjwe mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupandwa. Mwenye mimba ambaye historia yake haijulikani apewe chanjo ya virusi vilivyouawa. Chanjo hii huhitaji sindano mbili hapo mwanzo. Hata hivyo, sindano ya pili ni nafuu kuliko ndama aliyepotea.