Fundi Hapimwi kwa Idadi ya Aliowaangusha

Safari ilinifikisha Kisii mwezi uliopita, na baada ya sala ya Ijumaa mwenyeji wangu akanipitisha kwenye duka la mwanawe la kuuza vocha na kuchaji simu. Ndani mlikuwa na vijana sita wameinama kama wana wa chuo juu ya juzuu zao. Nilidhani wanasoma. Kumbe wako vitani! Ni ule mchezo wa kupigana risasi uitwao Call of Duty, toleo la simu lililotoka mwaka 2019, watano kwa watano. Kama wafaa au haufai, hilo nawaachia mashekhe. Mimi nilivutwa na ugomvi wao.

Walikuwa wakichagua watano wa kupambana na vijana wa Keroka, na mmoja, mtoto wa Nyamira, ameachwa. Hoja ilikuwa tarakimu. Mchezo humwandikia kila mtu ameua wangapi na amekufa mara ngapi, kisha hugawanya. Aliyeua 20 akafa mara 10 ana 2. Kijana wetu alikuwa na 0.8.

"Mzee, wewe ni mgeni, tuamulie," akaniambia. "Mimi ndiye ninayeingia wa kwanza. Nikifa, wao wanajua adui yuko wapi."

Kiongozi wao akacheka. "Namba ni namba, mzee."

Siku ile sikuamua, maana sikuelewa. Nimeuliza na kusoma tangu hapo, na leo natoa hukumu yangu: kijana amepunjwa.

Sisi tuliosomeshwa Suratul Mutaffifin tungali wadogo twajua kwamba kupunja kipimo si jambo dogo. Lakini kuna kupunja kwa mkono, na kuna kupunja kwa kuchagua kipimo kisichofaa, na hili la pili halionekani upesi. Nimekaa mara nyingi kuhukumu mashairi ya mashindano. Huja shairi mizani zake 16 kila mshororo, vina vimetulia, wala ndani hamna kitu. Mwenye kuhesabu tu angelipa tuzo.

Tena hao ni vijana wa Gusii, nchi ya Naftali Temu! Mwaka 1968 kule Mexico alishinda mbio za mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa dakika 27 na sekunde 39.4, ya Ron Clarke wa Australia. Kwa saa peke yake, Temu alikuwa nyuma ya Clarke kwa karibu dakika mbili. Lakini Clarke mwenyewe alikuwamo katika mbio hizo, mji ule uko juu mita 2,240 na hewa yake ni nyepesi, akamaliza wa sita na kuanguka hajijui. Basi fundi alikuwa nani? Saa haikusema uongo. Iliulizwa swali lisilo lake.

Swali la haki ni hili: umemshinda nani? Hilo alilifanyia hesabu Arpad Elo, mwalimu wa fizikia kule Marekani, mzaliwa wa Hungaria, kwa ajili ya sataranji, na chama cha dunia cha mchezo huo kikaipokea hesabu yake mwaka 1970. Ukimshinda aliye juu yako wapanda sana. Ukimshinda mnyonge hupati kitu cha kujisifia. Aliyemzidi mwenzake kwa pointi 200 hutazamiwa kupata kama pointi tatu katika kila michezo minne.

Michezo ya risasi huchezwa kwa makundi, kwa hiyo kampuni ya Microsoft ikatumia, kuanzia mwaka 2005, hesabu iitwayo TrueSkill. Iliyonipendeza mimi ni kwamba kila mchezaji huwekewa tarakimu mbili, moja ya ufundi anaodhaniwa kuwa nao, nyingine ya shaka. Mgeni huanza na 25, na shaka yake ni kama 8.3. Ili kumpanga hadharani hupunguziwa shaka hiyo mara tatu, akabaki na sifuri. Kadiri anavyocheza, shaka hupungua. Mtu akipungua shaka kabla ya kumhukumu mwenzake, huo ni uungwana, ijapokuwa ni mashine.

Hapo hesabu haiangalii nani kaua nani. Yatazama kundi gani limeshinda, na nani alikuwamo. Kijana wa kuingia wa kwanza, kama kweli kufa kwake kwafaa, ataonekana, maana makundi atakayokuwamo yatashinda kuliko ilivyotazamiwa. Ila pana sharti: watu wachanganywe. Watano wakicheza pamoja daima, hakuna hesabu itakayojua nani kambeba nani.

Na simu je? Ya kijana yule ni kuukuu, picha zinakwama. Halafu kuna umbali. Waya wa TEAMS, uliofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujeira, una urefu wa kama kilomita 5,000. Ikiwa mtambo wa mchezo uko upande wa pili, mwanga wenyewe wahitaji sehemu moja ya ishirini ya sekunde kwenda na kurudi, na bado hujapanda milima ya Kisii. Mchezaji wa Fujeira amekwisha kufyatua. Hili hesabu ya Elo hailijui. Yamwona mtu kashindwa, basi.

Nimemwandikia mwenyeji wangu haya yote. Amejibu kwamba Keroka waliwashinda, na kiongozi amekubali kuwachanganya vijana kwa kura kila jioni mwezi mzima, na kuandika daftarini nani alikuwa na nani. Simu, asema, watabadilishana.