Mipira 12 ya Fred Hyland

Wapo mashabiki wa kriketi wanaomtaja Fred Hyland ili wacheke tu. Kicheko hicho sikipendi.

Mwaka 1924 Hyland alichaguliwa kuichezea kaunti ya Hampshire dhidi ya Northamptonshire, mjini Northampton. Mechi za kaunti zama hizo zilichezwa siku tatu. Wenyeji wakaanza kupiga, Hyland na wenzake wakatawanyika uwanjani kudaka. Zikarushwa ova mbili, yaani mipira 12, ukapatikana mkimbio mmoja. Mvua ikaharibu yote yaliyobaki. Hyland hakupata zamu ya kushika gongo, na mechi nyingine ya daraja la kwanza hakuicheza maishani.

“Huyo naye mchezaji?” huuliza wachekaji. Nami nawauliza: mkulima aliyelima akapanda, kisha mafuriko yakasomba shamba, mtamwita mvivu? Mtu haokotwi barabarani akatiwa katika kikosi cha kaunti cha watu 11. Kuchaguliwa kwenyewe ni kazi ya miaka.

Wanajibu kwamba takwimu hazisemi uongo. Naam, hazisemi, ila hizi za Hyland hazisemi neno lolote! Sifuri hupewa mpigaji aliyeingia akatolewa kabla ya kupata kitu, na wakubwa wengi wa mchezo huu wamewahi kuionja. Hyland hana hata sifuri. Hakujaribiwa, basi alishindwa lini?

Sasa mtazame Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes. Alicheza mechi 10 za daraja lilelile kati ya 1900 na 1907, akapata wiketi moja tu. Lakini wiketi yenyewe ilikuwa ya W. G. Grace, na hadi leo yasimuliwa kama ushujaa. Simwonei choyo (kumtoa Grace si mchezo, hata akiwa mzee). Ila angekuwa karani wa posta, aliyemtoa mpigaji asiyejulikana, nani angemkumbuka? Hapo ndipo ninapoudhika. Twadai kupima mchezo, kumbe twapima majina ya watu.

Hyland baadaye alikuwa mkuza miche huko Cheshire, na kwa kazi hiyo alijipatia sifa. Alifariki mwaka 1964. Habari hii ya miche sijamsikia mchekaji hata mmoja akiitaja.