Sampuli haikutosha, dada arudi tena

Juzi nilipigiwa simu na mtoto wa shangazi yangu, mwalimu kule Kakuma. Alidungwa sindano ya ziwa, akangoja, majibu yakaja: sampuli haitoshi, arudi. Kurudi ni Lodwar, kilomita kama 120, na pengine Eldoret, mbali zaidi. Mtu wa Faza anayetumwa Mombasa habari hii haimgeni.

Kwa nini isitoshe? Sindano nyembamba hufyonza seli tu. Ikikosa uvimbe hutoa damu au mafuta. Ile nene ya geji 14, ikiongozwa na altrasaundi, hukata vipande vya nyama, na kawaida huchukuliwa vinne au zaidi. Kipande kikizama ndani ya fomalini ni dalili njema. Kikielea, huenda ni mafuta matupu. Kutazama hivyo hakugharimu hata shilingi. Tena, majibu ya "hakuna saratani" hayafungi kesi ikiwa picha yatia shaka. Hapo hurudiwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa 2021, lataka ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Nauli pekee yaweza kuzimaliza siku hizo.

Viongozi wetu hupenda kuzindua mashine, utepe ukatwe, picha zipigwe. Mimi nataka hesabu nyingine: kati ya sampuli mia, ngapi zilirudishwa? Itolewe Lodwar, itolewe na kwetu Lamu.

Dada bado anachanga nauli.