Mvua ya Embakasi, tope la Sabaki: nani anapima maji ya uwanja wa ndege?

Kila masika wavuvi wa Malindi hujua kuwa bara kumenyesha kabla redio haijatangaza. Bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa kuanzia mdomo wa Sabaki hadi karibu na hifadhi ya baharini, na nyavu hutoka zimejaa vijiti na mifuko. Maji hayo yameanza safari yake mbali. Yametoka nyanda za Athi, yakapita Machakos, Makueni, Kitui na Tsavo, yakaitwa Galana, ndipo yakatufikia sisi kwa jina la Sabaki. Majina ni mengi lakini mto ni mmoja.

Kwa sababu hiyo naomba leo tuzungumze habari za Machakos, hususan Mavoko: Syokimau, Mlolongo na mji wa Athi River. Wakazi wa huko wanaishi mpakani mwa uwanja mkubwa kuliko yote nchini, Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, JKIA. Uwanja wenyewe uko Embakasi, upande wa Nairobi, lakini maji ya mvua hayana kitambulisho cha kaunti. Eneo lote hilo liko ndani ya bonde la Athi, na maji yake mwisho hayana pa kwenda ila mto huo.

Tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Njia ya kurukia ndege ya JKIA ina urefu wa mita 4,117. Tukichukua upana wa mita 45, tunapata zaidi ya mita za mraba 185,000 za lami. Mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu mwezi wa Aprili, humwaga hapo zaidi ya lita milioni 9. Hayo ni maboza 900 ya lita 10,000 kila moja, na hatujahesabu maegesho ya ndege, mapaa ya majengo, maghala ya mizigo wala barabara za ndani. Ardhi inayouzunguka uwanja nayo ni udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kukataa kunywa maji ukishalowa. Maji yasiyozama lazima yateremke.

Swali la kwanza ni wingi wa maji hayo, na la pili ni yanachobeba. Uwanja wa ndege ni mahali pa kazi kama karakana kubwa. Kuna mafuta ya ndege, ambayo JKIA huletewa kwa bomba, kuna oili ya magari ya kuhudumia ndege, mabaki ya mpira wa magurudumu yanayobaki kwenye lami kila ndege inapotua, na sabuni za kuoshea. Katika viwanja vingi duniani povu la kuzimia moto lilitengenezwa kwa miaka mingi kwa kemikali za PFAS, ambazo haziozi upesi na zimekutwa kwenye visima vya majirani wa viwanja huko Ulaya na Marekani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa huosha uchafu wa miezi mingi kwa saa moja.

Sisemi kwamba JKIA imechafua kisima cha mtu Syokimau. Wala sisemi kwamba mafuriko ya Aprili 2024, Athi ilipofurika na watu kuokolewa kutoka nyumba zao katika eneo la Athi River, yaliletwa na uwanja. Mwaka ule mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini kote. Mavoko ina viwanda, ina Barabara ya Mombasa, ina reli ya SGR ambayo kituo chake kikuu kiko Syokimau, na ina mitaa mingi ya makazi iliyojengwa juu ya njia za maji. Hata tope letu la Sabaki sehemu yake kubwa ni udongo wa mashamba. Kila mmoja ana fungu lake la lawama. Ninachosema ni kwamba bila vipimo hakuna awezaye kutaja fungu la nani ni lipi, na panapokosekana vipimo mwenye hasara huwa ni yule aliye chini ya mteremko.

Tumeshaona mitaro ya mvua inaweza kufanya nini. Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwenye bomba eneo la viwandani Nairobi, ikaingia mtaro na kuteremka hadi mtaa wa Sinai. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Mwaka 2015, huko Thange, Kibwezi, mafuta ya bomba yalikutwa kwenye udongo na maji ya wanakijiji. Mto Thange nao ni tawi la Athi. Matukio yote mawili yanafundisha somo moja: wanakijiji ndio waliokuwa kipimo. Walijua kwa pua zao na kwa miili yao.

Je, sheria hazipo? Zipo tele. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka viwango vya maji yanayoachiliwa kwenye mazingira: chembe zinazoelea zisizidi miligramu 30 kwa lita, na mafuta na grisi yasiwepo kabisa. Kanuni za ukaguzi wa mazingira za 2003 nazo zinataka miradi mikubwa ikaguliwe na ripoti ipelekwe NEMA.

Tatizo, kwa maoni yangu, liko kwenye mshono. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Usafiri wa anga ni wa serikali kuu, na uwanja uko chini ya KAA. Mto uko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na uchafu wake chini ya NEMA. Kwa hiyo maji yakiwa ndani ya ua ni ya taasisi moja, yakipita chini ya ua kwenye kalvati ni ya kaunti, yakifika mtoni ni ya mwingine. Kila ofisi ina kipande chake, na pale vipande vinapokutana hapana mwenye kuulizwa.

Na ua huo unajulikana vizuri ulipo. Novemba 2011 nyumba za watu zilibomolewa Syokimau kwa madai kwamba zimejengwa kwenye ardhi ya uwanja. Ikiwa mpaka unaweza kulindwa kwa tingatinga dhidi ya watu, unaweza pia kuwekewa kipimo dhidi ya maji.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani iliirekebisha sheria yake ya maji safi mwaka 1987 ili iguse maji ya mvua yanayotoka sehemu za viwanda, na viwanja vya ndege vikaingizwa humo. Uwanja hupewa kibali, huchora ramani ya kila mahali maji yanapotokea, na huchota maji hayo na kuyaangalia kila robo ya mwaka. Vifaa vyenyewe si vya miujiza. Ni mitego ya kutenganisha mafuta na maji, mabwawa ya kuzuia maji yashuke polepole, chupa za sampuli na maabara.

Saa ya kulidai hili ni sasa. Mpango wa kuikabidhi JKIA kwa kampuni ya Adani kutoka India kwa miaka 30 ulifutwa na Rais Novemba 2024, lakini haja ya kuupanua uwanja haikufutwa pamoja nao. Njia ya pili ya kurukia ndege ikijengwa, itaongeza lami juu ya udongo usiokunywa maji. Tathmini ya mazingira ndiyo mlango wa kuweka masharti, na masharti ninayoyaona ni matatu: kila mahali maji yanapotokea uani pajulikane kwenye ramani ya wazi, maji yapimwe wingi na uchafu katika kila msimu wa mvua, pamoja na visima vya jirani, na matokeo yabandikwe ofisi za kaunti ya Machakos na mtandaoni.

Mkazi wa Mavoko hana haja ya kungoja tathmini hiyo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ijibu ombi la mwananchi ndani ya siku 21. Barua moja ya kuomba ripoti za ukaguzi za uwanja haihitaji wakili.

Sisi wa Pwani tunajua gharama ya kuchelewa. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walipigania haki yao kuhusu sumu ya risasi kwa miaka mingi, na mahakama ilipowapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ilizihesabu pia taasisi za serikali kuwa na hatia ya kutosimamia. Fidia ile ilikuja baada ya watoto kuumwa na watu kuzikwa. Chupa ya sampuli kwenye kalvati la Syokimau ni rahisi kuliko hayo yote, na atakayenufaika nayo si mtu wa Machakos peke yake. Yatakayopita pale yatapita pia chini ya daraja la Sabaki.