Mpanda Farasi Atafutiwe Uwanda

Ndugu msomaji, Jumapili hii ukurasa wetu unaingia katika mchezo. Usiufunue upesi ukidhani kuwa hayo ni mambo ya watoto, kwa maana kwa sababu ya mchezo huo niliwakuta ndugu wawili wa tumbo moja wamenuniana mwezi mzima.

Nilikuwa likizoni Kagunga, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Wasioifahamu Kagunga niwaeleze kwamba ni kijiji kilichobanwa baina ya Ziwa Tanganyika na milima, kaskazini ya hifadhi ya Gombe, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Mwezi Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi walifika katika ufuko huo mwembamba, na ikabidi meli ya Liemba iwachukue kwa zamu hadi Kigoma, kwa kuwa nyuma yao palisimama mlima. Mtu wa huko akitaja safari, aghalabu moyoni mwake anaona chombo cha majini.

Kijana mkubwa wa dada yangu ni mvuvi wa dagaa. Siku za mwezi mpevu taa za wavuvi hazivuti samaki, basi yeye hubaki nyumbani, na hapo hukaa mkekani pamoja na wadogo zake wakacheza mchezo wa hadithi. Yeye ndiye msimulizi. Wengine kila mmoja huchagua mhusika wake: huyu mganga, huyu mpiga upinde, yule mwizi mwenye miguu myepesi. Msimulizi hueleza mahali na mkasa, mchezaji husema mhusika wake anatenda nini, kisha dadu huamua kama amefaulu. Hadithi yenyewe haiishi usiku mmoja, bali huendelea kwa miezi. Mchezo wa namna hii uliotungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson ulichapishwa mwaka 1974, na tangu hapo umetembea dunia nzima.

Mdogo wake, mwenye umri wa miaka 14, alichagua kuwa mpanda farasi mwenye mkuki mrefu na ngao. Hajapata kumgusa farasi maishani mwake. Alimwona kitabuni, akampenda. Kaka mtu naye alisimulia mambo anayoyajua: ziwa, mitumbwi na mapango ya milimani. Usiku wa kwanza farasi alifungwa kwenye mchikichi, wenzake wakavuka maji. Usiku wa pili aliachwa nje ya pango. Usiku wa tatu kijana akaweka dadu chini, akasema, "Kaka, kazi yangu mimi ni kushika kamba tu." Akaondoka. Kaka akaona amevunjiwa heshima mbele ya wadogo, na tangu siku hiyo salamu zikawa za kulazimishana.

Dada aliniita pembeni. "Wewe ndiye mjomba wao," akasema, "wapatanishe." Niliwasikiliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, nikaona kuwa hakuna aliyemkosea mwenzake kwa makusudi. Kosa lilitangulia usiku wa kwanza: mmoja alichagua mhusika bila kuuliza hadithi itakwenda wapi, na mwingine alichagua hadithi bila kutazama nani amekaa mkekani.

Historia ya nchi yetu ingetosha kuwafunza. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa katika sehemu za mwanzo za safari, hawakuiona Ujiji. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi Aprili 1916, askari wapanda farasi wa Jenerali Van Deventer walishuka kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa Irangi kwa mwendo ambao askari wa miguu wasingeuweza, lakini njiani walipoteza farasi kwa mamia. Mvua, uchovu na magonjwa, pamoja na yale yaletwayo na mbung'o, viliwamaliza wanyama wengi katika vita hivyo. Na katika vita hivyo hivyo, hapa ziwani, mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliiteka Kingani mwezi Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa mwezi Februari 1916. Vita ni moja. Kondoa mpanda farasi ana kazi, ziwani hana hata pa kusimama.

Basi, mzazi, wanao wakitaka kucheza mchezo huu na mmoja wao akapenda farasi, washauri watazame mambo haya kabla ya dadu kurushwa.

Kwanza, ardhi. Yafaa hadithi iwe na uwanda. Vita vya Imamu Ahmad bin Ibrahim katika Ethiopia, kuanzia mwaka 1529 hadi 1543, vinafaa sana. Vivyo hivyo Adwa ya tarehe 1 Machi 1896, ambako wapanda farasi wa Menelik waliwafukuza Waitalia waliokuwa wakikimbia. Kadhalika dola ya Borno, ambayo farasi wake walivishwa mavazi mazito ya kitambaa.

Pili, kazi. Mpanda farasi hufaa kupeleka habari, kulinda msafara, kupeleleza na kufukuza wavamizi. Hadithi ya kukaa ndani ya ngome itamchosha.

Tatu, mnyama mwenyewe. Msimulizi na wachezaji wakubaliane mapema juu ya majani, maji na maradhi. Farasi anayeuawa kwa mshale wa kwanza kila usiku ni hila, na farasi asiyekula wala kuchoka si farasi.

Nne, wenzake. Wapewe ngamia, punda au mkokoteni, wasije wakaachwa nyuma naye akacheza peke yake. Na yeye awe na ustadi wa kutumia siku ya kushuka chini. Wachezaji wazoefu wana hila nyingine: humpandisha mtu mfupi juu ya mbwa mkubwa, naye huingia hata pangoni.

Vijana wa Kagunga walichagua njia ya Kondoa. Kaka alikubali kuliweka ziwa liwe mwisho wa hadithi, na mdogo akakubali kwamba huko atashika kasia kama wengine. Nilipokwisha rudi kazini, dada aliniletea habari. Mwezi mpevu uliofuata, farasi aliugua kwa mbung'o, akafa siku mbili kabla ya kufika Kondoa. Kijana alifuta machozi kwa mkono wa shati, akauliza zamu yake ni lini, akaendelea kucheza kwa miguu mpaka usiku wa manane.

Sikushangaa. Mtoto huweza kuvumilia kushindwa na hata kufiwa katika hadithi. Asilovumilia ni kukaa miongoni mwa ndugu zake bila kazi. Nyumbani kwako, ndugu msomaji, mtazame leo jioni yule aliyeshika kamba.

Tuonane Jumapili ijayo.